Sura ya Nne: Huu Mto Tunaouvuka Ni Mto Gani?

Swali la abiria

Abiria apandaye matatu ya namba 237 kutoka Nairobi kwenda Thika, akajaaliwa kupata kiti cha dirishani, aghalabu hujikuta akiuliza swali ambalo jirani yake hana jawabu lake na makanga hana nafasi ya kulishughulikia: huu mto tunaouvuka ni mto gani? Ukingo wa chuma huonekana, vilele vya miti ya bondeni huchomoza pande zote mbili, maji ya rangi ya kahawia humulika mara moja, kisha gari limekwisha kupanda ng'ambo na swali limesahaulika. Lakini swali hilo, dogo kama lionekanavyo, lina mwenziwe lililo kubwa zaidi, nalo ndilo sura hii imekusudia kulijibu: kwa nini kila penye mto wa maana katika njia hii tunakuta mji, Ruiru penye mto Ruiru, Juja jirani ya Ndarugu, na Thika penye Chania na Thika? Je, ni mto ulioita watu, au ni daraja?

Jawabu langu ni kwamba ni daraja. Mto ulikuwako dahari na dahari pasipo mji. Mji ulikuja siku palipopatikana mahali pamoja pa kuvukia ambapo kila mtu, kila mzigo na kila gari hapana budi kupita. Na mahali ambapo kila mtu hana budi kupita, hapo mmoja hufungua duka, wa pili hupika chai, wa tatu hulaza wasafiri waliochelewa, wa nne huleta mashine ya kusaga au ya kukoboa, na kabla ya kizazi kimoja kwisha serikali hujenga ofisi yake na kuweka afisa wa kutoza kodi. Wanaoishi leo katika miji hiyo mitatu wanaishi katika matokeo ya maamuzi ya watu waliotafuta, kwa miguu na kwa kamba ya kupimia, mahali ambapo bonde ni jembamba na mwamba ni mgumu.

Kwa nini mito ni mingi hivi

Upande wa magharibi wa njia yetu imesimama safu ya milima ya Nyandarua, ambayo wakoloni waliiita Aberdare, na milima hiyo ndiyo inayozuia mawingu na kuyafanya yamwage mvua. Maji yake huteremka kuelekea kusini mashariki katika mito mingi iendayo sambamba, na kila mto, kwa miaka isiyohesabika, umekata ardhi ya volkeno (yaani ardhi iliyotokana na majivu na mawe yaliyoyeyuka kutoka tumboni mwa dunia) ukajifanyia bonde lake. Baina ya bonde na bonde pamebaki mgongo mrefu wa nchi, na juu ya migongo hiyo ndipo Wagikuyu walipojenga maboma yao na kulima mashamba yao.

Sasa mtu asafiriye kwa kufuata mgongo, tuseme kutoka Gatundu kushuka kuelekea tambarare, anaweza kutembea mchana kutwa asilowe nyayo. Bali asafiriye kwa kukata migongo, kama ifanyavyo barabara ya Nairobi kwenda Thika, hukutana na mto baada ya mto, na kila mto humdai namna ya kuuvuka. Hiyo ndiyo sababu ya madaraja mengi.

Lakini bado haijaelezwa kwa nini barabara ikapita pale ipitapo, wala si kilomita kumi juu au kilomita kumi chini. Kule juu, karibu na milima, mabonde ni marefu kwa kina na kingo zake ni za kusimama wima; gari la ng'ombe lingeshuka kwa hatari na kupanda kwa mateso, na garimoshi, ambalo halistahimili mwinuko mkali, lisingepita kabisa. Kule chini, kwenye tambarare za Athi, mito hukusanyika ikawa mipana, na udongo mweusi unaonata huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hata ukafanya msingi wa jengo lolote kuwa wa mashaka. Baina ya taabu hizo mbili upo mshono mwembamba wa nchi, pale migongo inapofifia kabla tambarare haijaanza, ambapo mabonde yamekwisha kupungua kina na mwamba mgumu bado uko karibu. Dalili ya mwamba huo ni maporomoko ya maji: maporomoko ya Chania na ya Thika yaliyo ubavuni mwa mji wa Thika yapo kwa sababu mto umefika kwenye jiwe usiloweza kulila upesi. Ruiru, Juja na Thika zimepangwa juu ya mshono huo.

Lipo jambo jingine ambalo abiria wetu hulipita bila kulitambua, nami naliona kuwa ndilo la ajabu kuliko yote katika safari hii. Mito ya Ruiru, Thiririka na Ndarugu huenda yote kuingia mto Athi, ambao ukiendelea kushuka huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Chania haifuati njia hiyo. Huungana na mto Thika hapo hapo mjini, na Thika huenda kuingia Tana katika ziwa la bwawa la Masinga, lililokamilishwa mwaka 1981, na kutoka hapo maji hupita katika mitambo ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hata yakafika baharini karibu na Kipini. Matone mawili ya mvua yaangukayo baina ya Juja na mji wa Thika, moja huku na moja kule ya mwinuko usioonekana kwa macho, yatafika Bahari ya Hindi katika milango miwili iliyo mbalimbali, na mvuvi wa Malindi aonaye bahari ikigeuka nyekundu baada ya masika anaona, pamoja na udongo wa kwingineko, udongo uliopita chini ya daraja la Ndarugu.

Kwa ufupi hadi hapa: mito ni mingi kwa sababu njia hukata migongo ya Nyandarua badala ya kuifuata, njia imepita hapo kwa sababu ndipo mabonde yalipo mepesi na mwamba ulipo karibu, na madaraja ya Ruiru na Juja yako katika milki ya Athi, ilhali ya mji wa Thika yako katika milki ya Tana.

Walivukaje wa kale

Kabla ya chuma na saruji wenyeji walivuka kwa miguu mahali palipo na maji haba, au kwa magogo yaliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, nayo magogo yakichukuliwa na mafuriko yalilazwa mengine. Tusidhani kwamba watu wa zama hizo walikaa kila mmoja kwenye mgongo wake. Biashara baina ya Wagikuyu, Wakamba na Wamaasai ilikuwa kubwa, na wanawake walisafiri na mizigo ya nafaka, viazi na vyungu hata katika nyakati ambazo wanaume wa makabila hayo walikuwa wakipigana. Wakamba kwa upande wao walipeleka pembe za ndovu hadi pwani katika karne ya kumi na tisa. Njia hizo zote zilikuwa na vivuko vyake, na vivuko vilijulikana kwa majina, na aliyevijua alikuwa mtu wa kutafutwa na misafara.

Kilichobadilika pamoja na ukoloni kilikuwa gurudumu. Mtu mwenye mzigo kichwani anaweza kuchagua kivuko kwa kadiri ya maji ya siku ile, akipanda kidogo juu au akishuka kidogo chini. Gari la magurudumu halina hiari hiyo. Lataka ukingo uliosawazishwa na sakafu isiyotikisika, mahali pale pale, kiangazi na masika. Tangu siku ya gurudumu, vivuko vingi vikawa vichache, na vichache vikawa na nguvu.

Garimoshi lililoitwa tramu

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na kwa miaka kumi na kitu iliyofuata nchi iliyo kaskazini ya Nairobi ilihudumiwa na njia ya magari ya ng'ombe kuelekea ngome ya Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. Walowezi walikuwa wamekwisha kutwaa mashamba makubwa katika sehemu hii. Mmoja wao alikuwa Mmarekani William Northrup McMillan, ambaye nyumba yake ya Juja ilisimama karibu na mahali mto Ruiru unapoungana na mto Nairobi, na aliyempokea humo mwaka 1909 Theodore Roosevelt, mara tu baada ya kutoka katika urais wa Marekani. Mashamba ya mkonge na kahawa yalipozidi, walowezi walidai reli.

Reli ya Nairobi kwenda Thika ilifunguliwa mwaka 1913, nayo ilijulikana rasmi kama tramu, yaani reli nyepesi ya masafa mafupi, kwa kuwa fedha za tramu zilikuwa rahisi kuidhinishwa kuliko fedha za reli mpya. Jina halikuubadili ukweli wa bonde. Garimoshi, liwe limeitwa tramu au liwe limeitwa reli, halina budi kupita juu ya Ruiru na Ndarugu kwa daraja la kweli. Reli ikaendelea mbele baadaye, ikavuka Chania, ikafika Nanyuki mwaka 1930. Na baada ya miaka mingi ya kusahauliwa, treni ya abiria ya Nanyuki ilirudishwa mwaka 2020.

Na hapa yafaa kumkumbuka asiyetajwa katika vitabu vingi. Reli na barabara hizo zilijengwa kwa mikono ya vibarua Waafrika, wengine wao wakiwa wamelazimishwa na kodi ya kichwa na ya nyumba kutafuta kazi ya mshahara, ilhali ardhi iliyopitiwa ilikuwa ya babu zao. Mwandishi Elspeth Huxley, aliyeletwa Thika akiwa mtoto kwa gari la ng'ombe, alikiandika kitabu chake mashuhuri kuhusu utoto huo mwaka 1959, na kitabu hicho ndicho kilicholifikisha jina la Thika kwa wasomaji wa ng'ambo. Habari ya waliobeba mawe ya misingi haikupata kitabu cha namna hiyo.

Hoteli baina ya mito miwili

Mtu atakaye kuona kwa macho yake jinsi kivuko kinavyozaa mji na aende Thika, asimame katika bustani ya hoteli ya Blue Posts. Hoteli hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1908, imejengwa katika ulimi wa nchi baina ya Chania na Thika, kabla mito hiyo miwili haijaungana, ikiwa na maporomoko upande huu na maporomoko upande ule. Watalii huja kwa ajili ya maporomoko. Lakini wa kwanza walikuja kwa sababu njia ya Fort Hall ilivuka hapo mito miwili kwa mfululizo, na msafiri aliyefika jioni, maji yakiwa juu na mafahali wamechoka, hakuwa na la kufanya ila kulala hadi asubuhi. Nyumba ya wageni ilisubiri mahali ambapo mto ulimlazimisha mgeni kusimama.

Ruiru nayo ilipata sifa kwa mto wake mapema. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mtambo wa maji katika mto huo ulikuwa ukiipa Nairobi umeme wake, na bwawa la Ruiru lililojengwa kabla ya Uhuru likaipa maji ya kunywa. Leo sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa mwaka 1994 juu katika mto Thika. Mji mkuu hunywa mito ile ile ambayo wafanyakazi wake huivuka asubuhi na jioni.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Warumi walipojenga daraja juu ya mto Thames takriban mwaka 50, kambi iliyoota kando yake ikawa London. Jinja ya Uganda ilibadilika kabisa kwa bwawa la Owen Falls la mwaka 1954, ambalo juu ya mgongo wake ilipita barabara ya kuvuka Nile. Na Mombasa, kisiwa kilichozoea ngalawa na pantoni, ilipata mwaka 1931 daraja la Nyali lililoelea juu ya maboya makubwa, na mara Kisauni na Nyali zikaanza kugeuka kutoka mashamba ya minazi kuwa mitaa. Daraja la kudumu lililofunguliwa mwaka 1980 lilikuta watu wamekwisha kujaa ng'ambo.

Daraja husimamaje

Msomaji asiyekuwa mhandisi anaweza kulielewa daraja kwa kujua sehemu nne tu. Kwanza ni sakafu, ambayo juu yake gari hupita. Pili ni boriti, mihimili ya zege au chuma inayoibeba sakafu. Tatu ni nguzo, ambazo husimama bondeni au majini. Nne ni vikingio, kuta nene za kila upande ambapo daraja hukutana na ardhi, na ambazo huzuia udongo wa barabara usimomonyokee mtoni. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Ni hodari sana kustahimili kubanwa lakini dhaifu likivutwa, ndiyo maana hutiwa nondo, yaani fito za chuma, pale penye mvuto.

Abiria wetu anaweza kujua kwamba amefika darajani hata akiwa amefumba macho. Gari likiingia hutoa kishindo kidogo, tuk, na likitoka hutoa kingine. Sauti hiyo yatoka kwenye maungio ya kutanukia, nafasi zilizoachwa kwa makusudi mwishoni mwa sakafu, kwa kuwa zege hutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa kwa baridi ya alfajiri. Kwa kila mita 10 za sakafu, joto la zege likipanda kwa nyuzi 10 za selsiasi, urefu huongezeka kwa takriban milimita moja. Milimita ni kitu kidogo, ila daraja lisilopewa nafasi yake litajipasua lenyewe. Maungio yakijaa mchanga na changarawe, nafasi huzibika. Kwa hivyo mfanyakazi aonekanaye akifagia pembezoni mwa daraja anafanya kazi ya uhandisi, ingawa hakuna amwitaye mhandisi.

Watu wengi hudhani kwamba madaraja huanguka kwa uzito wa magari. Hutokea hivyo, lakini adui mkubwa zaidi wa daraja la mtoni ni maji yenyewe, na tena hayapigi pale tunapotazama. Msomaji aliyepata kusimama ufuoni, wimbi likirudi baharini, anajua jinsi mchanga unavyokimbia chini ya visigino vyake hata akayumba pasipo kusukumwa na mtu. Nguzo ya daraja hufanywa vivyo hivyo na mto uliofurika: maji hukutana na nguzo, hujigawa, huzunguka kwa kasi na kuchimba chini ya msingi wake, shimo likafukuliwa wakati wa mafuriko na kufunikwa tena na tope maji yanapotulia, hata mtazamaji wa siku ya pili asione dosari yoyote. Hii ndiyo maana ukaguzi wa kweli wa daraja hufanywa chini yake, kwa kijiti cha kupimia kina, wala si juu yake kwa kutazama rangi ya vyuma.

Na hapa ndipo mchanga unapoingia katika hadithi. Achotaye mchanga wa mtoni karibu na nguzo, akaupakia loriini na kuuuza kwa mjenzi, ameusaidia mto kazi yake ya kuchimba. Nasema haya nikijua kwamba wachotao ni vijana wasio na kazi nyingine na kwamba nyumba za Juja, ambazo zimeongezeka kwa kasi kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, hazijengeki bila mchanga. Lakini ipo tofauti baina ya kuchota mbali na kuchota chini ya daraja, na tofauti hiyo yapasa kusimamiwa na wenye mamlaka kwa macho makali.

Mawe ya Ndarugu na mizani ya Juja

Mjenzi yeyote wa Nairobi ayajua mawe ya Ndarugu. Ni mawe ya volkeno yanayokatwa kwa mashine katika machimbo ya sehemu za Juja, yakatoka na pembe zilizonyooka, na nyumba nyingi za jiji na za viunga vyake zimejengwa kwayo. Mawe hayo hufika kwa lori, pamoja na mananasi ya mashamba ya Thika, kahawa ya Murang'a, na shehena za viwanda vya mjini. Na kila lori lina kishawishi cha kubeba kupita kiasi, kwa kuwa safari moja yenye mzigo wa safari moja na nusu huonekana kuwa faida.

Ndiyo sababu pamewekwa mizani ya magari hapo Juja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, pamoja na ukomo wa kila ekseli, yaani kila fito inayobeba magurudumu. Sababu ya kupima ekseli ni hesabu ambayo madereva wengi hawajapata kuelezwa. Uharibifu wa lami hauongezeki sawa na uzito. Huongezeka kwa kadiri ya uzito uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ikilinganishwa na ya tani 8 imezidi kwa robo tu, lakini huiharibu barabara takriban mara mbili na nusu. Hesabu hiyo ni ya lami. Ya boriti za daraja ni nyingine, ila nazo hukumbuka kila mzigo uliozidi, kwa nyufa ndogo ndogo ambazo maji huziingia, yakaifikia nondo na kuitia kutu, na kutu huvimba na kulibandua zege kutoka ndani. Dereva akwepaye mizani kwa njia za vichochoroni hujiona mjanja. Faini ameikwepa, lakini gharama ameiacha kwa wote watakaopita baada yake, na madaraja ya vichochoroni aliyoyavuka ni dhaifu kuliko yale ya barabara kuu.

Barabara ilipogeuka mto

Barabara kuu mpya ya Thika ilianza kujengwa mwaka 2009 na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012, kwa gharama iliyozidi shilingi bilioni 30, zilizotoka kwa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa serikali ya China na kwa serikali ya Kenya, kazi ikifanywa na makampuni matatu ya Kichina. Matokeo yake yameonekana katika sensa ya 2019: Ruiru ilihesabiwa kuwa na watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika, iliyokuwa na 251,407, ingawa Thika ndiyo iliyokuwa mji mkubwa na wa viwanda tangu zamani. Daraja lililopanuliwa liliileta Ruiru karibu na Nairobi, na Nairobi ikahamia Ruiru kulala.

Lakini barabara pana ilizaa shida ambayo waliochora ramani hawakuipa uzito uliostahili. Mtoto wa shule aliyezoea kuvuka lami nyembamba alijikuta mbele ya mkondo wa magari yasiyokatika, na mama wa sokoni alijikuta hana pa kupita na kikapu chake. Watu walikufa wakivuka. Ikalazimu kujengwa madaraja ya miguu, yanayopita juu ya magari badala ya maji, na kwa wakazi wa Juja na wa Ruiru madaraja hayo yamekuwa na umuhimu sawa na yale ya mtoni. Naona ni haki ya mwenda kwa miguu kuhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mchoro, wala asingojewe mpaka idadi ya makaburi imsemee. Kipimo cha haki hiyo ni chepesi: mtazame mtu mwenye mtoto mgongoni akivuka daraja la mto wakati wa magharibi, lori likimpita, na uangalie kama amepewa njia yake iliyotengwa kwa ukingo au amebanwa baina ya gurudumu na maji.

Mvua inapozidi

Wazee wa sehemu hii hutaja mafuriko ya 1961, wenye umri wa kati hutaja El Niño ya 1997 na 1998, na vijana watataja masika ya 2024, ambayo yaliua zaidi ya watu 200 nchini na kukata barabara nyingi. Ipo misiba miwili ya kwingineko Kenya ambayo kila mkazi wa kando ya mto yampasa kuijua. Tarehe 26 Juni 2017 daraja la Sigiri huko Budalang'i, juu ya mto Nzoia, lilianguka kabla halijamalizika kujengwa. Na tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka kwenye kivuko cha chini, yaani sakafu ya zege iliyolazwa juu ya kitanda cha mto na ambayo maji hupita juu yake mto ukijaa, nalo likasombwa. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Mto wenye kina cha magoti na mwendo wa kasi unatosha kumwangusha mtu mzima, na gari huanza kuelea katika maji yasiyofika dirishani. Dereva hawezi kuona kama sakafu iliyo chini ya maji ya tope bado ipo. Kungoja saa tatu ukingoni, abiria wakinung'unika, ni jambo linalomstahilia dereva shukrani.

Ni la nani daraja hili?

Mkazi akiona ufa au kingo za chuma zimeng'olewa, na amwambie nani? Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na kwa kuundwa kwa serikali za kaunti baada yake, kazi imegawanywa hivi:

- Barabara kuu za taifa na madaraja yake ni ya KeNHA, Mamlaka ya Barabara Kuu. Humo mna madaraja ya Ruiru, Ndarugu, Chania na Thika katika njia kuu.
- Barabara za mijini zilizo chini ya taifa ni za KURA, Mamlaka ya Barabara za Mijini.
- Barabara za vijijini zilizo chini ya taifa ni za KeRRA, Mamlaka ya Barabara za Vijijini.
- Barabara ndogo nyingine zote ni za serikali ya kaunti.
- Madaraja ya reli ni ya Shirika la Reli la Kenya.

Ukingo wa mto nao una sheria yake: ardhi ya mita 6 hadi 30 kutoka alama ya juu ya maji, kwa kadiri ya upana wa mto, haijengwi wala hailimwi. Ukiukaji wake hulidhuru daraja moja kwa moja, kwani takataka na magogo yanayotoka kwenye ukingo uliovamiwa husombwa hadi nguzoni, yakajikusanya, yakaziba njia ya maji, na mto uliozibwa hupanda juu au huchimba chini.

Chania ni mpaka wa kaunti za Kiambu na Murang'a, na penye mpaka uvivu wa ofisi huota kwa urahisi, kila upande ukidhani kuwa wa pili umekwisha andika barua. Kwa daraja la njia kuu jawabu ni moja, KeNHA, hata nguzo moja ikiwa imesimama Kiambu na ya pili Murang'a. Mwenye kuona dosari na apige picha, ataje jina la mto na upande wa ukingo, na apeleke habari hiyo mwezi wa Januari au Februari, maji yakiwa chini. Kwa maana masika huanza Machi, na fundi hawezi kutengeneza msingi wa nguzo ambao mto umekwisha kuufunika.